Bwana Afya Aliyewatafutia Vijana Nauli ya Elimu

Jina la marehemu Tom Mboya wa Kenya lajulikana kwa kila msomaji wa ukurasa huu aliyepata kufuata habari za kupigania uhuru katika Afrika ya Mashariki. Wengi humkumbuka kwa ufasaha wake katika mikutano ya hadhara, na wengine humkumbuka kwa risasi iliyomkatiza maisha yake mwaka 1969. Sisi leo twapenda kumkumbuka kwa mambo mawili ambayo si kawaida kutajwa pamoja. La kwanza ni kwamba kazi yake ya mwanzo ilikuwa kazi ya afya. La pili ni kwamba alihangaika kutafuta fedha za kuwapeleka katika vyuo vikuu vijana ambao wazazi wao hawakuwa na kitu. Twayataja pamoja kwa sababu twaamini kwamba afya ya mwanafunzi na fedha za masomo yake ni mzigo mmoja, na anayetaka kuubeba upande mmoja tu hafiki mbali.

Thomas Joseph Odhiambo Mboya alizaliwa tarehe 15 Agosti, 1930, huko Kilima Mbogo karibu na Thika, katika shamba la mkonge la tajiri wa Kizungu. Asili ya wazazi wake ilikuwa kisiwa cha Rusinga katika Ziwa Viktoria, lakini baba yake, Leonardus Ndiege, alikuwa amehamia huko kwa kazi, naye alikuwa nyapara wa wakata mkonge. Basi Mboya alizaliwa katika kambi ya vibarua, mbali na nchi ya Wajaluo wenzake. Alicheza na watoto wa Wakamba na wa Wakikuyu, akajifunza lugha zao, na Kiswahili kikawa lugha ya kambi nzima. Yafaa jambo hili likumbukwe, kwani mtu aliyekulia kambini hujua mapema kwamba mkonge haukumchagua mtu kwa kabila lake ulipomchoma mkono.

Alisoma katika shule za misheni: kwanza Kabaa katika Ukambani, kisha Yala katika Nyanza, na baadaye Mang'u. Kila hatua ilikuwa na ada yake, na kila ada ilitoka katika mshahara mdogo wa nyapara ambaye alikuwa na watoto wengine wa kulisha na kusomesha. Huko Mang'u alifaulu mtihani wake vizuri, na mlango wa kuendelea na masomo ya juu zaidi ya sekondari ulikuwa wazi mbele yake. Akili ilikuwapo, na nia ilikuwapo. Fedha hazikuwapo. Kijana huyo akapiga hesabu ambayo maelfu ya vijana wa Afrika wamepata kuipiga kabla yake na baada yake, akaona kwamba akiendelea yeye, wadogo zake watakosa. Akaacha.

Mwaka 1948 aliingia katika chuo cha kuwafundisha wakaguzi wa afya mjini Nairobi. Hakukichagua kwa sababu tangu utoto alikuwa na ndoto ya kukagua mifereji. Alikichagua kwa sababu mafunzo yake hayakumtaka baba yake atoe ada, na mwanafunzi alipewa masurufu kidogo. Hivyo ndivyo umaskini umchaguliavyo mtu kazi. Lakini twaona pia kwamba ule msaada mdogo wa masomo, ambao serikali ya kikoloni iliutoa kwa faida yake yenyewe, ndio uliomzuia kijana huyo asirudi katika mkonge. Alihitimu mwaka 1950, na mwaka uliofuata akaajiriwa na Baraza la Mji wa Nairobi.

Wasomaji wetu wajua kazi ya bwana afya. Ndiye apitaye masokoni kutazama nyama na samaki, aingiaye katika hoteli kutazama jiko, apimaye maziwa kama yametiwa maji au uchafu, aandikaye taarifa juu ya choo kilichojaa na nyumba ambayo watu kumi wamelala katika chumba cha watu wawili. Kazi hii humfunza mtu jambo moja kubwa, yaani kwamba maradhi yana anwani. Katika Nairobi ya siku zile mji uligawanywa kwa rangi, na ripoti za afya zilifuata mgawanyo huo huo. Sehemu za Waafrika ndizo zilizokuwa na msongamano, na ndizo zilizougua. Bwana afya kijana alikuwa akiingia katika vyumba hivyo kila siku akiwa na daftari lake, na hapana shaka kwamba siasa yake ilianzia humo kabla ya kuanzia jukwaani.

Ilianzia pia katika maabara. Mboya mwenyewe alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1963 jinsi siku moja alipokuwa peke yake kazini akipima maziwa, akaingia mama mmoja wa Kizungu na chupa yake. Mama yule alitazama huku na huku, akauliza kama hapakuwa na mtu. Mtu alikuwa amesimama mbele yake, mwenye cheti cha kazi ile, lakini macho ya ukoloni hayakumwona. Wala si macho tu. Mkaguzi Mwafrika alilipwa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mkaguzi Mzungu aliyefanya kazi hiyo hiyo. Kwa hiyo Mboya hakutosheka na kulalamika. Aliwakusanya wenzake katika chama cha watumishi Waafrika wa Baraza la Mji, na mwaka 1952 akawa mwenyekiti wao. Chama kile akakigeuza kuwa chama halisi cha wafanyakazi.

Mwaka huo huo wa 1952, mwezi wa Oktoba, serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari katika Kenya. Viongozi wa siasa walikamatwa, vyama vya siasa vya Waafrika vikapigwa marufuku. Katika giza hilo, vyama vya wafanyakazi ndivyo vilivyobaki kuwa sauti ya mtu mweusi. Mboya, ambaye hakuwa amefika hata miaka 25, akawa katibu mkuu wa shirikisho la vyama hivyo. Makuli wa bandari ya Mombasa walipogoma mwaka 1955, yeye ndiye aliyetumwa kuwatetea mbele ya waajiri, na makuli wakapata nyongeza ya mshahara. Wafanyakazi wanaosoma maneno haya wanajua thamani ya mtu awezaye kuketi mezani na tajiri bila kutetemeka na bila kununuliwa.

Baada ya hapo yeye mwenyewe akapata msaada wa masomo. Mwaka 1955 alikwenda Uingereza kusoma kwa mwaka mmoja katika Ruskin College mjini Oxford, chuo kilichoanzishwa kwa ajili ya watu wa kazi ambao hawakupata nafasi ya kusoma walipokuwa vijana. Jina la chuo hicho halipaswi kuwa geni kwa wanachama wa hapa kwetu, kwa kuwa TANU ilipoanzisha Chuo cha Kivukoni mwaka 1961, mfano ulioutazama ulikuwa huo wa Ruskin. Hivyo mtoto wa nyapara aliyeacha shule kwa kukosa ada alirudi darasani akiwa na umri wa miaka 25, kwa fedha za watu wengine waliomwamini. Hakulisahau jambo hilo.

Mwaka 1956, akiwa njiani kurudi nyumbani, alizuru Marekani, na huko akakutana na watu walioguswa na shida ya elimu katika Afrika. Mmoja wao alikuwa mfanyabiashara William Scheinman, ambaye alianza kuwalipia nauli vijana wachache. Tatizo lilikuwa wazi. Katika Afrika ya Mashariki nzima mlango wa kupata shahada ulikuwa mmoja, nao ni Makerere. Mlango huo ulikuwa mwembamba, na waliobaki nje walikuwa wengi kuliko walioingia. Uhuru ulikuwa unakaribia, na mkoloni alikuwa akisema kwamba Waafrika hawajawa tayari kwa kuwa hawana wasomi, huku yeye mwenyewe ndiye ameushika ufunguo wa shule. Mboya aliona hila hiyo. Kama mlango wa mbele umefungwa, basi mtu hutafuta mwingine.

Katika mwezi wa Machi, 1957, Mboya alichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria akiwakilisha Waafrika wa Nairobi. Mwezi wa Desemba, 1958, alikuwa mwenyekiti wa Mkutano wa Watu Wote wa Afrika uliofanyika Accra, naye alikuwa na umri wa miaka 28. Kwa sifa hiyo alirudi Marekani mwaka 1959, akazunguka miji na vyuo akihutubia. Aliviomba vyuo vya huko vitoe nafasi za masomo bila ada, na vingi vikakubali. Lakini hapo likatokea jambo ambalo ndilo kiini cha makala yetu. Nafasi ya masomo ilikuwa imepatikana, na mwanafunzi alikuwapo Kisumu au Nyeri, lakini kati yao palikuwa na bahari. Nani atalipa nauli? Na akifika, nani atampa koti la baridi, kitanda, chakula, na dawa akiugua?

Ndipo ulipoundwa mfuko wa wanafunzi wa Kiafrika na wa Kimarekani, ukiongozwa na Scheinman na wenzake. Jackie Robinson, mchezaji mashuhuri wa besiboli, Harry Belafonte mwimbaji, na Sidney Poitier mwigizaji wa sinema, Wamarekani weusi wote watatu, walitia saini barua ya kuomba michango. Maelfu ya watu wa kawaida wakatoa walichokuwa nacho. Upande wa huku, Mboya pamoja na Dakta Julius Kiano na Kariuki Njiiri walichagua vijana, na vijiji vikaanza kuchanga. Palifanywa karamu za chai na ngoma za kiingilio, watu wakauza mbuzi na mazao, ili mtoto wa kijiji asiende ugenini mikono mitupu. Katika mwezi wa Septemba, 1959, ndege ya kwanza iliondoka Nairobi na wanafunzi 81. Kati ya vijana waliosafiri kwa mpango huo alikuwamo Pamela Odede, ambaye baadaye, mwaka 1962, aliolewa na Mboya.

Mwaka 1960 walioomba walikuwa wengi zaidi, nao hawakutoka Kenya tu. Wengine walitoka Uganda, Tanganyika, na nchi za Rhodesia na Nyasaland. Serikali ya Marekani kwanza ilikataa kutoa fedha za ndege. Mboya akaenda kumwona Seneta John Kennedy, ambaye wakati huo alikuwa akigombea urais, na mfuko wa ukoo wa Kennedy ukatoa dola 100,000. Jambo hilo likawa hoja katika uchaguzi wao. Lakini kwa mzazi wa Murang'a au wa Moshi, siasa ya Marekani haikuwa neno. Neno lilikuwa kwamba mtoto wake amepanda ndege. Mpaka mpango ulipokwisha mwaka 1963, wanafunzi waliosafiri kwa njia hiyo walikaribia 800.

Hatusemi kwamba mambo yote yalikuwa mema. Maofisa wa kikoloni waliubeza mpango huo, wakidai kwamba vyuo vingine vilikuwa hafifu. Katika kubeza huko mlikuwa na wivu, lakini mlikuwa na chembe ya ukweli pia. Vijana wengine walifika katika miji midogo yenye theluji wakiwa na nguo za Nairobi na fedha ambazo hazikutosha hata muhula mmoja. Iliwabidi waoshe vyombo na kufagia majumba usiku ili wale, kisha waingie darasani asubuhi. Wengine walikutana na ubaguzi ule ule wa rangi waliodhani wameuacha nyumbani. Mwanafunzi wa namna hiyo akishikwa na homa hana mama wa kumkanda, na kila siku ya ugonjwa ni siku ya mshahara uliopotea. Msaada wa masomo uliohesabu ada na kusahau mwili wa mwanafunzi ulikuwa msaada nusu. Mboya, aliyekuwa bwana afya, aliijua hesabu hiyo, na ndiyo sababu yeye na wenzake waliendelea kuomba fedha hata baada ya ndege kutua.

Wako pia waliomlaumu kwa urafiki wake na Wamarekani. Oginga Odinga, mshindani wake, aliwapeleka vijana wengine kusoma katika nchi za Mashariki, na ugomvi wa wakubwa hao wawili uliendelea mpaka chama chao cha KANU kikapasuka mwaka 1966. Sisi hatuna haja ya kuuamua ugomvi huo leo. Twaona tu kwamba wakubwa hao, pamoja na uadui wao wote, walikubaliana katika jambo moja: kwamba mtoto wa maskini asomeshwe, na kwamba kiongozi asiyetafuta njia ya kumsomesha hafai.

Matunda yalionekana upesi. Wengi walirudi, wakashika kazi za serikali, ualimu na utaalamu mara tu bendera ya mkoloni iliposhushwa. Wangari Maathai aliondoka mwaka 1960 kwenda kusoma katika jimbo la Kansas, akarudi kuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 2004 akapewa Nishani ya Nobel ya Amani. Mama huyo alipokuwa mwalimu chuoni aliona kwamba walimu wanawake hawakupewa haki sawa na wanaume katika nyumba, matibabu na malipo ya uzeeni, akasimama kuzidai. Mti aliopanda Mboya ulizaa mbegu ya mti mwingine.

Baada ya uhuru Mboya alikuwa Waziri wa Sheria na Katiba, na tangu mwaka 1964 Waziri wa Mipango ya Uchumi. Serikali aliyokuwamo iliondoa mwaka 1965 malipo ya wagonjwa wa nje katika hospitali zake, na mwaka 1966 ikaanzisha mfuko wa bima ya hospitali uliochangiwa na watu wa mishahara. Mwaka 1967 mafunzo ya udaktari yalianza katika chuo kikuu cha Nairobi, kama yalivyokwisha kuanza Dar es Salaam mwaka 1963. Hatusemi kwamba hayo yote yalikuwa kazi ya mtu mmoja. Lakini wizara yake ndiyo iliyohesabu wataalamu ambao nchi iliwahitaji, na mwenye kuhesabu madaktari wasiokuwapo hana budi kuuliza nani atawasomesha.

Tarehe 5 Julai, 1969, Mboya alipigwa risasi katikati ya mji wa Nairobi alipokuwa akitoka katika duka la dawa. Alikuwa na umri wa miaka 38. Akazikwa Rusinga, kisiwa cha wazee wake.

Je, sisi twajifunza nini? Nchi zetu leo hazina haja ya kuwapandisha vijana ndege ili wapate shahada. Chuo chetu cha kwanza kilianza mwaka 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na vyuo sasa ni vingi. Kenya iliunda bodi yake ya mikopo ya wanafunzi mwaka 1995, na yetu ilianza kazi mwaka 2005. Hayo ni maendeleo makubwa, wala hatuyadharau. Lakini swali la mwaka 1959 bado linauma: mwanafunzi akishapata nafasi, je, mwili wake utafika mwisho wa masomo?

Mtoto wa kuli na mtoto wa mkulima anapoingia chuoni, adui wa kwanza si mtihani. Adui ni ile wiki ambayo fedha za mkopo zimechelewa naye ameshikwa na malaria. Ataficha ugonjwa kwa kuogopa gharama. Atanunua vidonge nusu ya dozi. Atakosa jaribio, kisha muhula, na mwisho atarudi nyumbani, na fedha zote ambazo taifa limemtolea zitakuwa zimemwagwa mchangani. Kwa hiyo twasema kwamba zahanati ya chuo na bima ya mwanafunzi visihesabiwe kuwa pambo la kuongezwa fedha zikibaki. Vihesabiwe pamoja na ada tangu siku ya kwanza. Wanaopanga mikopo na wanaopanga matibabu wakae meza moja, kwa sababu mwanafunzi wanayempanga ni mmoja.

Twasema pia na wale waliokwisha kusoma. Mkopo usiorudishwa na mtu mwenye mshahara ni kiti cha ndege alichokikalia mtu aliyekwisha kufika, huku mwenzake amesimama uwanjani. Mboya alisaidiwa mara mbili, katika chuo cha afya na katika Ruskin, naye akalipa deni hilo kwa vijana karibu 800. Hatumtaki kila mtu alipe hivyo. Twataka kila mtu alipe lake.

Na kwa wafanyakazi na wanachama wa matawi twatoa neno moja. Vijiji vya mwaka 1959 havikungoja mfadhili. Vilichanga kwanza, ndipo wafadhili wakaona haya kubaki nyuma. Tawi linalomjua kijana wake aliye chuoni, likamuuliza hali yake, likamchangia kadi ya matibabu pale alipokwama, linafanya kazi ya chama kwa hakika. Ujinga, maradhi na umaskini ni maadui watatu wanaotembea pamoja. Anayempiga mmoja na kuwaacha wawili atawakuta wote watatu mlangoni kesho asubuhi.